Shotgani nusu-otomatiki yenye teke laini kwa mchezo wa trapu: namna ya kuichagua ukiwa Mtwara au Lindi

Anayepiga trapu, yaani kulenga kwa shotgani visahani vinavyorushwa angani na mashine, hapigi risasi mbili tatu na kurudi nyumbani kama mwindaji wa kanga. Raundi moja ni visahani 25. Mazoezi ya asubuhi moja hufika raundi nne, na mchujo wa kiwango cha Olimpiki ni visahani 125, kila kimoja kikiruhusiwa risasi mbili. Bega likianza kuuma kwenye raundi ya pili, mwili hujifunza kukwepa: jicho linafumba kabla kifyatulio hakijavutwa, mdomo wa mtutu unazama, kisahani kinapita kizima.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta nusu-otomatiki laini, yaani inayojipakia yenyewe baada ya kila risasi, na swali la kwanza huwa "kampuni gani?" Hilo liwe swali la mwisho. Teke, yaani bunduki kurudi nyuma na kugonga bega, hutokana na mambo manne, kwa mpangilio huu: uzito na kasi ya risasi, uzito wa bunduki, mtambo unaolitawanya teke, na jinsi kitako kinavyokaa begani na shavuni. Ukikosea la kwanza, la tatu halitakuokoa. Na kwa mtu wa kusini kuna la tano: risasi na vipuri husafiri mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, na hewa ya bahari inakula chuma. Bunduki laini isiyomeza risasi zinazopatikana, au iliyooza springi ndani ya kitako, ni mzigo tu.

Kabla ya duka: kibali

Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usinunue chochote kabla kibali hakijatoka. Unapokwenda polisi uliza mambo mawili kabla hujatoa hata amana dukani. Kwanza, kama shotgani ya nusu-otomatiki itakubaliwa kwa ombi lako la michezo. Pili, idadi ya risasi utakayoruhusiwa kununua na kuweka nyumbani. Hili la pili husahaulika, nalo ndilo linaloua mchezo: mtu anakuwa na bunduki nzuri na ruhusa ya risasi zinazoisha katika raundi mbili.

Ukiambiwa nusu-otomatiki hapana, nenda kwenye mitutu miwili ya juu na chini. Hatua ya 1, 2, 4 na 5 hapa chini zinabaki vilevile. Usikimbilie pampu, ile ya kupakia kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, kwa sababu ya bei: kanuni za kimataifa za trapu haziikubali, wakati nusu-otomatiki inakubaliwa, mradi isizidi geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) na magazini yake, bomba la kuwekea risasi, izibwe isipokee zaidi ya risasi moja.

Hatua ya 1: Chagua risasi kwanza

Chukua bunduki ya kilo 3.6 ya geji 12. Ukipiga risasi yenye gramu 32 za marisau (chembe ndogo za ndani ya risasi) kwa kasi ya kama mita 390 kwa sekunde, teke huwa karibu jouli 28. Shuka hadi gramu 28 kwa mita 400, linakuwa karibu jouli 23. Shuka hadi gramu 24 kwa kasi hiyohiyo, linafika karibu jouli 18. Yaani gramu nne tu zinaondoa karibu robo ya teke. Hakuna raba wala springi ya kitako itakayokupa punguzo hilo kwa bei hiyo. Kasi nayo ina lake: gramu 24 kwa mita 380 badala ya 400 inashusha teke kwa takriban asilimia 10 nyingine, na kisahani hakitambui tofauti.

Trapu ya Olimpiki yenyewe hairuhusu zaidi ya gramu 24, na risau lisizidi milimita 2.6 kwa kipenyo. Trapu ya Kimarekani huishia kwenye gramu 32. Kwa hiyo hakuna anayelazimishwa kupiga nzito. Tafuta marisau ya milimita 2.4, yale yanayoandikwa namba 7½ kwenye boksi. Risasi za SSG au AAA za mlinzi, zenye chembe kubwa, hazina kazi hapa: chembe ni chache mno, kisahani chenye upana wa milimita 110 kinapita katikati yake, na zinaruka mbali kuliko uwanja wako.

Sasa linganisha na hali halisi. Ulizia kwanza ni risasi gani utakayoweza kuipata mwaka mzima, si ile uliyopewa mbili za kujaribia. Zikipatikana za gramu 28 tu, basi bunduki ichaguliwe kwa 28. Zikipatikana 24, hakikisha bunduki inazimeza 24, maana si kila nusu-otomatiki inaweza. Nunua katoni nzima ya toleo moja ukiweza, na kabla ya kulipa fungua boksi moja uangalie makalio ya risasi. Ya risasi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwenye ghala la pwani hushika kutu. Risasi yenye kutu hukwama kwenye chemba, tundu la mtutu inamokaa risasi, na mtu analaumu bunduki.

Hatua ya 2: Uzito wa bunduki

Risasi ileile ya gramu 28 kwenye bunduki ya kilo 3.2 inapiga jouli 26 badala ya 23. Nusu-otomatiki nyingi za kuwindia zimetengenezwa nyepesi kwa makusudi, kilo 2.9 hadi 3.2, kwa sababu mwindaji anaibeba kutwa. Wewe unaibeba kutoka kituo hadi kituo. Lenga kilo 3.5 hadi 3.9. Mwenye mwili mdogo asiogope uzito huo. Bunduki inanyanyuliwa kwa sekunde chache tu kwa kila kisahani, na uzito unausaidia mtutu kuzunguka bila kusitasita.

Hapa kuna mtego unaowanasa wazazi na wanawake wanaoanza: kununuliwa geji 20 "kwa sababu ni ndogo". Geji 20 ya kilo 2.9 ikipiga gramu 24 inatoa karibu jouli 22. Geji 12 ya kilo 3.6 ikipiga gramu 24 zilezile inatoa 18. Geji ndogo si teke dogo. Kinachopungua ni bunduki.

Ukiwa na bunduki nyepesi tayari, unaweza kuongeza gramu 200 hadi 300. Mahali pazuri ni mbele, kwa kifuniko kizito cha bomba la magazini, kisha kiasi kama hicho ndani ya kitako ili mizani isiegemee upande mmoja. Lakini fungua kwanza uone. Kwenye Remington 1100 na Benelli nyingi, springi ya kurudisha bolti (kipande kinachofunga chemba) imo ndani ya kitako na nafasi ya kuweka kipande cha chuma au mfuko wa marisau ni finyu sana.

Hatua ya 3: Mtambo

Nusu-otomatiki zinazouzwa leo zina njia kuu mbili za kujipakia.

Ya kwanza ni ya gesi. Tundu moja au mawili kwenye mtutu yanaruhusu gesi kidogo kushuka kwenye pistoni iliyoko chini, chini ya kishikio cha mbele. Pistoni inasukuma bolti nyuma, ganda linatupwa, risasi mpya inaingia. Jumla ya msukumo haipungui sana, lakini unaenezwa kwenye muda mrefu zaidi. Ni tofauti ya kutupiwa gunia la korosho begani na kuwekewa: kilo ni zilezile. Remington 1100, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ndiyo iliyowafanya wapigaji wengi wa Marekani waamini kwamba geji 12 inaweza kuwa laini, na bado ni kipimo kizuri cha kulinganishia. Beretta A400 Xcel na Browning Maxus ni za gesi pia, na Beretta kadhaa huja na kitako chenye vifyonza teke vya haidroliki vinavyoitwa Kick-Off.

Ya pili ni ya msukumo wa bunduki yenyewe, njia inayojulikana zaidi kwa Benelli. Bunduki inaporudi nyuma, bolti inabaki pale pale kwa sekunde ndogo, inabana springi ndani yake, kisha springi inaisukuma. Hakuna gesi inayoingia mtamboni, kwa hiyo ni safi sana. Unaweza kupiga mamia ya risasi bila masizi ya maana. Lakini teke lake ni kali zaidi kuliko la gesi kwa uzito uleule, na zaidi ya hapo bunduki hizo mara nyingi ni nyepesi. Na inahitaji kurudi nyuma ili ifanye kazi. Ukiiongezea uzito mwingi, ukaipa risasi ya gramu 24, na mpigaji akawa ameegemea mbele kwa nguvu, bolti haifiki nyuma na ganda linabanwa mlangoni linakotokea.

Kwa trapu, chagua ya gesi. Hilo halina mjadala mrefu. Ya Benelli iwe chaguo la mtu ambaye kazi yake kubwa ni uwindaji na trapu ni ya Jumapili.

Iko pia njia ya zamani, mtutu mzima kurudi nyuma pamoja na bolti, ya Browning Auto-5 iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Bado zinaonekana mikononi mwa wazee. Zina pete za msuguano kwenye bomba la magazini ambazo hupangwa tofauti kwa risasi nyepesi na nzito. Zikipangwa vibaya bunduki inapiga teke la punda na hatimaye inapasua mbao ya mbele. Kama kumbukumbu ya babu, itunze. Kwa trapu, iache.

Katika za gesi zenyewe, uliza urefu wa chemba. Ya milimita 70 hupangiwa matundu ya gesi kwa risasi za kawaida. Ya milimita 76 au 89 imefikiriwa kwa risasi nzito, na zile za zamani zisizo na vali ya kujirekebisha zinaweza kugoma kwenye gramu 24 na hata 28. Muuzaji atasema "hii inapiga zote". Mwombe mpige pamoja.

Hatua ya 4: Kitako

Watu wawili wakipiga bunduki moja, risasi moja, mmoja atasema laini na mwingine atasema inaua. Tofauti ni kitako, na sehemu hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote.

Urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa raba kwa mtu mzima wa wastani ni sentimita 36 hadi 37. Kipimo cha kushika kitako kwenye kiwiko na kidole kufika kwenye kifyatulio kinaonyesha urefu wa mkono, hakionyeshi shingo wala kifua. Pima hivi: hakikisha bunduki haina risasi, ipandishe begani ukiwa umevaa fulana utakayopigia, weka shavu, kisha tazama nafasi kati ya pua na kidole gumba. Iwe sentimita 3 hadi 4. Ikiwa chini ya hapo, kidole gumba kitakupiga puani. Ikizidi sana, kitako kitakuwa kimetoka begani na kukaa kwenye msuli wa mkono, na jioni utaona alama ya zambarau.

Mgongo wa kitako, yaani pale shavu linapolala, ndio unaoamua teke la shavu. Kwenye bunduki nyingi za kuwindia mgongo huo umeinama kuelekea nyuma: mbele juu, nyuma chini. Bunduki ikirudi, sehemu ya juu inakuja shavuni na kuligonga kutoka chini. Trapu inataka mgongo ulionyooka sambamba na mtutu, ili urudi ukiteleza tu kando ya shavu. Ukipata kitako chenye mgongo wa kupandisha na kushusha kwa skrubu, lipia. Ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Kimo chake hukaguliwa kwa macho. Fumba macho, pandisha bunduki, laza shavu bila kulikandamiza, kisha fumbua. Kwa trapu unatakiwa uone shanga ya mbele (kidoa cha kulengea kwenye mdomo wa mtutu) na kipande cha reli ya juu ya mtutu, si shanga peke yake. Ukiona mgongo wa bodi (sehemu ya chuma yenye mtambo) tu, kitako kiko chini mno na utakuwa ukiinua kichwa kutafuta kisahani. Kichwa kilichoinuka ndicho kinachopigwa. Beretta, Benelli na nyingine nyingi huja na vibao vyembamba vya plastiki vya kuweka kati ya kitako na bodi ili kupandisha, kushusha, au kupindisha kushoto na kulia. Kabla ya kununua iliyotumika uliza viko wapi. Mara nyingi vimebaki kwenye boksi la mmiliki wa kwanza.

Pembe ya raba nayo. Raba nzima iguse bega kwa wakati mmoja. Ikigusa kwa ncha ya chini tu, ncha hiyo inachimba kifuani, na kwa wanawake ndiyo sababu kubwa ya kuacha mchezo baada ya siku moja. Fundi mwenye leseni anarekebisha pembe kwa kuweka kabari nyembamba kati ya raba na kitako. Na ibonyeze raba yenyewe kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama kisigino cha kiatu, imekufa kwa joto na umri. Badilisha. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote yaliyomo humu.

Jambo moja linachanganywa na teke: kelele. Mtu asiyeziba masikio hushtuka, na akishtuka husema bunduki ni kali. Mwekee viziba masikio, kisha mwombe mwenzake ampakie bila yeye kuona, mara risasi halisi, mara risasi bandia ya mazoezi. Mdomo wa mtutu ukizama kwenye risasi bandia, tatizo ni kushtuka na halitatibiwa na bunduki mpya.

Hatua ya 5: Mtutu na choki

Haraka hapa. Mtutu wa sentimita 76 unafaa karibu kila mtu. Bodi ya nusu-otomatiki ni ndefu kuliko ya mitutu miwili, kwa hiyo hata sentimita 71 si fupi kama inavyosikika. Choki, vipande vinavyobana mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema, ziwe za kubadilisha: nusu choki, robo tatu na kamili, yaani kubana kwa takriban milimita 0.5, 0.75 na 1. Ukisimama mita 14.6 nyuma ya mashine, kama ilivyo kwenye trapu ya Kimarekani, nusu choki inatosha. Kwa ya Olimpiki ambako kisahani hutupwa hadi mita 76, panda. Matundu yaliyotobolewa karibu na mdomo wa mtutu hupunguza kidogo kuruka kwa mdomo, hayapunguzi teke la maana, na jirani yako kwenye mstari atakuchukia kwa kelele.

Kifyatulio kivutike kwa kilo 1.5 hadi 2. Kizito kinakufanya ukamate bunduki kwa nguvu, na mkono uliokakamaa unapokea teke lote.

Hatua ya 6: Kuikagua kabla ya kulipa

Iliyotumika isikaguliwe kwa kuitazama ukutani. Mwambie muuzaji: "Kaka, naomba uifungue mbele yangu." Akikataa, shukuru uondoke. Kisha:

1. Vuta bolti, thibitisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu.
2. Toa kifuniko cha mbele, kishikio na mtutu. Tazama ndani ya mtutu ukielekeza kwenye mwanga. Miduara ya mwanga iliyo mizima ni salama. Kivuli kilichovunjika ni bonde au uvimbe. Vidoa vyeusi karibu na chemba ni mashimo ya kutu, na ganda litashika hapo.
3. Angalia matundu ya gesi chini ya mtutu. Yawe wazi, na yasiwe yamepanuliwa kwa drili. Mtu akipanua matundu ili bunduki imeze risasi dhaifu, bolti inagonga nyuma kwa nguvu kwa kila risasi ya kawaida: teke linaongezeka na bodi inapasuka.
4. Kwenye Remington 1100 tafuta oringi (pete) ya mpira inayokaa mbele ya pistoni, juu ya bomba la magazini. Ikiwa imepasuka au haipo, gesi inavuja na bunduki inageuka ya risasi moja moja. Nunua tatu za akiba, za kampuni yenyewe. Oringi ya bomba la maji haivumilii joto.
5. Pitisha kitambaa cheupe kwenye bomba la magazini ambapo pistoni inateleza. Kutu hapo ni sababu ya kushusha bei sana au kuiacha.
6. Rudisha kila kitu, vuta bolti nyuma, bonyeza kitufe. Ifunge kwa kishindo. Ikifunga kwa uvivu, springi ya kurudisha imechoka au bomba lake limejaa mafuta yaliyoganda.

Kwenye zenye springi ndani ya kitako, ombi la mwisho ni kutoa kitako. Bunduki za pwani zilizosimamishwa kwa kitako kona ya nyumba miaka mingi huwa zimepokea mafuta yote na jasho lote chini, na bomba la springi limeoza kabisa huku nje inang'aa.

Hatua ya 7: Kuijaribu

Uwanja uwe uliokubaliwa na polisi na uongozi wa kijiji. Marisau ya milimita 2.4 hufika karibu mita 200. Acha mita 300 tupu mbele na kwenye pembe zote. Kuanzia Septemba hadi Desemba waokota korosho wamo mashambani tangu alfajiri, tena wameinama chini ya mikorosho ambako huwaoni. Usipige kuelekea shamba hata kama jana lilikuwa tupu. Marisau ni risasi ya kweli; usiyamwage pia juu ya kisima au malisho.

Elekeza mashine irushe kusini. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua litakuwa nyuma yako, lakini kusi linavuma usoni: kisahani kinapanda na kuelea kuliko ulivyozoea. Kaskazi likishika, linasukuma kutoka nyuma na kisahani kinalala chini. Bunduki inayopiga juu kidogo, asilimia 60 ya marisau juu ya pointi na 40 chini, inavumilia hali zote mbili. Iliyopandishwa hadi 80 kwa 20 itakusumbua kaskazi nzima.

Pima hilo kwenye ubao. Weka karatasi kubwa mita 32, chora nukta, piga risasi tano kwa kupandisha na kupiga bila kulenga polepole. Tafuta kitovu cha wingu la marisau. Kila milimita 1 unayopandisha kwenye mgongo wa kitako inapandisha wingu kwa takriban sentimita 3 hapo.

Kisha risasi 25 nyepesi kuliko zote utakazotumia, moja moja, halafu 25 mbili mbili. Inapogoma, soma inavyogoma:

Ganda limebaki chemba na bolti imerudi bila kitu: chemba chafu, makalio ya risasi yana kutu, au kucha ya kuvutia imelika. Jaribu risasi ya boksi jingine kabla ya kumlaumu fundi.

Ganda limesimama wima mlangoni: nguvu haikutosha. Kwenye ya gesi, safisha pistoni na ubadili oringi. Bado ikigoma, risasi ni dhaifu kwa matundu yale. Kwenye ya Benelli, tazama mpigaji kwanza, kisha uzito ulioongezwa.

Mlio wa "tik" bila risasi kulia: elekeza mtutu uwanjani kwa nusu dakika kabla ya kufungua, maana baruti yenye unyevu huweza kuchelewa. Kwenye Benelli sababu ya kawaida ni kufunga bolti kwa kuisindikiza na mkono, ikaishia nusu milimita kabla ya kufunga. Bonyeza kitufe, uiache ipige yenyewe.

Mlio wa "puf" dhaifu: simama. Usipige nyingine. Toa risasi zote, fungua, tazama ndani ya mtutu. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kinaweza kuwa kimebaki humo, na risasi inayofuata itapasua mtutu karibu na mkono wako wa kushoto. Nusu-otomatiki ni ya hatari zaidi hapa, kwa kuwa ukipakia risasi nyingine bolti inajifunga kabla hujafikiri.

Na maganda yanaruka kulia, yanamfikia aliye kituo cha pili. Kuna kibano kidogo kinachobandikwa mlangoni kulizuia ganda. Mpigaji wa mkono wa kushoto atafute bunduki ya kushoto. Gesi na vumbi usoni kwa risasi 100 si jambo la kuvumilia.

Baada ya kupiga

Kila raundi nne, fungua kishikio cha mbele. Futa masizi kwenye pistoni na bomba la magazini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha kabisa, na uache pistoni karibu kavu. Mafuta hapo yanageuka lami kwa joto. Oringi isiloweshwe kwenye mafuta ya taa, inavimba. Bolti na reli zake zipate matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni, yanaganda na kuwa gundi. Nje, kitambaa chenye mafuta kidogo kila ilipoguswa na mkono wa jasho, hata kama haikupigwa. Ihifadhi kwenye sanduku la chuma lililofungwa, si kwenye mfuko wa sponji unaokusanya unyevu, na kwa saa chache za kwanza iegeshe mdomo wa mtutu ukiwa chini juu ya kitambaa, ili mafuta yashuke mbele yasiende kwenye springi ya kitako. Springi hiyo na bomba lake vitolewe na kukaushwa mara moja kwa mwaka, masika yanapokwisha.